Chopa inaonekana kama stika: kutafuta ugonjwa wa blaa ya mwendo na kina cha fokasi

Kuna video ya msanii mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa naifanyia kazi, anataka chopa ishuke kwenye mchanga wa Kibirizi, pale maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini yanapopakia na akina mama wanaanika dagaa. Hela ya chopa ya kweli haipo, hivyo nikaiweka ya 3D, trakingi (kuifanya ifuate mwendo wa kamera) ikashika, kivuli nikakilaza kwenye mchanga, rangi nikazilinganisha, nikamwita aje aone. Akaangalia mara mbili bila kusema kitu, akapiga funda la soda, afu akasema, "Kaka, kazi ipo, ila hiyo chopa mbona kama stika ya kwenye daladala?"

Iliniuma ila alikuwa sahihi. Nikajiambia blaa haitoshi, nikapandisha shata ya kompo (kompo ni pale leya zinapopandanishwa, na shata ya digrii 360 maana yake inakaa wazi fremu nzima) kutoka digrii 180 mpaka 360, ikawa mbaya zaidi, nikaongeza na ukungu wa lenzi ili ikae kisinema, ikaharibika kabisa, umeme ukakatika, nikalala. Kesho yake ndo nikarudi kuiangalia klipu yenyewe kabla ya kugusa chopa, na hapo ndo nikaona kumbe nilikuwa namchoma sindano mtu ambaye sio mgonjwa. Haya ninayoandika nimeyapanga kwa dalili, unaanza na kile unachokiona kwenye skrini afu unashuka mpaka kwenye chanzo. Mimi natumia After Effects (ya kupandanisha) na Blender (ya 3D) kwa sababu ndo ziko kwenye mashine yangu, lakini ukiwa na Nuke, Fusion au Natron magonjwa ni yale yale, vifungo tu ndo vinabadilika.

Tuelewane maneno kwanza. Blaa ya mwendo ni ule mburuzo ambao kitu kinachokimbia kinauacha ndani ya fremu moja, kwa sababu shata inakaa wazi kwa muda na kitu hakikusubiri. Kina cha fokasi ni ile sehemu ya mbele kwenda nyuma ambayo lenzi inaionyesha kali, na vilivyobaki vinalainika. Pleti ni klipu halisi iliyotoka kwenye kamera. 3D yenyewe inatoka kavu, kali kila kona, kama hujaiambia vingine.

Kabla ya dalili yoyote: ipime pleti

Hapa ndo nitakaa sana maana nusu ya kesi zangu zinaishia hapa hapa.

Tafuta kwenye pleti kitu kinachokatiza, bodaboda, ndege, mkono wa mtu, chochote. Nenda fremu moja, weka alama kwenye ukingo wake, sogea fremu inayofuata, hesabu kimesogea pikseli ngapi. Afu simama kwenye fremu moja upime urefu wa mburuzo wake. Gawanya mburuzo kwa msogeo, zidisha kwa 360, umepata digrii za shata. Kitu kimesogea pikseli 40 na mburuzo ni 20, hiyo ni digrii 180, yaani kwa fremu 25 kwa sekunde shata ilikuwa 1/50. Mburuzo ukiwa pikseli 4, ni digrii 36, yaani 1/250. Namba hiyo ndo unaipeleka kwenye kompo. Usikariri 180 kama sala.

Kwenye klipu yangu ya Kibirizi kulikuwa na dogo anapita mbio na ndoo. Kwa kila fremu anasogea kama pikseli 30, na mburuzo sioni hata pikseli 1. Ndoo imekatika kama imechongwa, matone ya maji yako hewani yamesimama kama shanga. Shata hapo iko chini ya digrii 12, na sio ajabu, nilipiga kwa simu saa nane mchana, jua la ziwani linawaka kwenye mchanga na juu ya maji, na simu nyingi tundu lake la lenzi halibadiliki, kwa hiyo mwanga ukizidi kinachobaki ni kukimbiza shata, 1/2000, 1/3200, huko. Sasa mimi nikaweka chopa yenye mburuzo wa digrii 180 katikati ya dunia isiyo na mburuzo hata kidogo. Ndo ile stika. Tatizo halikuwa kukosa blaa. Chopa ndo ilikuwa nayo peke yake.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kushusha shata ya kompo ifanane na pleti, ni bure na inachukua sekunde, ila video nzima itabaki na ule mrukoruko mkavu wa simu. Ya pili ni kuitia pleti yenyewe blaa kwa kitu kinachokisia mwendo wa pikseli, kama Pixel Motion Blur iliyomo kwenye After Effects au ile ya kununua ya RE:Vision, afu chopa unaipa digrii zile zile. Inafaa, lakini ikikutana na miguu inayopishana au maji yanayometa inachanganyikiwa na kuchora uji. Ya tatu ni kurudi kupiga upya na kioo cheusi mbele ya lenzi. Kioo cha ND64 kinapitisha mwanga mmoja kwa 64, kwa hiyo shata iliyokuwa 1/3200 inashuka mpaka 1/50 bila picha kuungua. Usiku chini ya taa za umeme usihangaike na 1/60, umeme wetu ni hezi 50, kaa kwenye 1/50 au 1/100 la sivyo taa zitapepesa na hakuna blaa ya kuficha hilo.

Mimi nilirudi Kibirizi. Dogo wa ndoo hakuwepo.

Blaa nimeiwasha lakini haionekani

Kwenye After Effects kuna swichi mbili, moja ya leya na moja ya taimulaini nzima, zote ziwe zimewashwa. Zimewaka na bado? Jiulize nani anayesogea. Ile swichi inaangalia leya inavyohama, inavyozunguka na inavyokua, haijui chochote kuhusu kinachosogea ndani ya video. Ukiweka klipu ya mtu anayekimbia na leya yenyewe imekaa palepale, kwa programu hakuna mwendo. Hapo unahitaji ile ya kukisia pikseli.

Kama mwendo uko ndani ya kompo nyingine uliyoiingiza kama leya, ingia humo uwashe huko huko. Na kwenye kurenda (kutoa picha za mwisho) pia kuna sehemu inayoweza kuzima blaa yote kimya kimya, kwa hiyo ikionekana kwenye kuhakiki na ikapotea kwenye faili la mwisho, mchawi yupo kwenye mipangilio ya kurenda.

Inaonekana kama karata zilizotandazwa

Badala ya mburuzo laini unaona nakala nakala za kitu kimoja zimepangana. Sampuli, yaani mara ngapi programu inachora kitu ndani ya fremu moja, ni chache. Kwa kawaida After Effects inaanza na sampuli 16 kwa fremu, na kwa leya za 2D inajiongeza yenyewe mpaka 128 ikiona mwendo ni mkali, ila leya za 3D na maumbo uliyochora humo humo zinabaki na ile namba ya kwanza, kwa hiyo uipandishe mwenyewe kwenye mipangilio ya kompo, 32, 64, uone. Mashine italia, yangu ina RAM ya giga 8 na kwenye 64 nikabonyeza nikaenda kununua migebuka sokoni.

Blaa inakuja na kupotea kila baada ya fremu kadhaa

Hii nilihangaika nayo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Fremu nne ziko fresh, ya tano kali ghafla, afu tena nne fresh. Ukiona mpigo wa namna hiyo, wenye kujirudia kama ngoma, hesabu fremu. Klipu ya fremu 24 kwa sekunde ukiitupia kwenye kompo ya 30 programu inarudia fremu moja katika kila tano, na fremu iliyorudiwa haijasogea hata pikseli 1, hivyo kifaa kinachokisia mwendo kinasema hakuna mwendo, na blaa hakuna. Ukifanya kinyume, klipu ya 30 kwenye kompo ya 25, kila fremu ya sita inatupwa, hivyo unaona mruko na mburuzo mrefu kupita kiasi mahali pamoja.

Kama mpigo hauna mpangilio, mara fremu ya tatu mara ya kumi na moja, basi ni simu. Simu nyingi zinarekodi kwa spidi ya fremu inayopanda na kushuka. Pitisha klipu kwenye HandBrake, chagua spidi ya fremu isiyobadilika, ndo uanze kazi. Fanya hivi kabla ya trakingi, sio baada, mimi nilifanya baada na nikairudia trakingi yote.

Blaa inatetemeka, kila fremu inaelekea kwake

Trakingi yako ina mtetemo mdogo. Kwa macho hauonekani kwenye kitu kilichosimama, lakini blaa inahesabu kila msogeo wa nusu pikseli kama mwendo halali. Lainisha alama (keyframe) za trakingi au punguza pointi mbovu, usiguse blaa kwanza.

Kinachoenda kulia kina mburuzo, kinachoenda kushoto hakina

Dalili hii ni nzuri kwa sababu ina chanzo kimoja tu karibu kila mara. Ukiwa unatumia pasi ya vekta (picha ya ziada ya mwendo) kutoka kwenye 3D, kila pikseli imebeba namba ya kusema inaelekea wapi, upande mmoja ni chanya na upande wa pili ni hasi. Ukiihifadhi kama PNG au JPEG hakuna hasi humo, yote inakatwa kuwa sifuri. Hifadhi kwa EXR, faili linaloweza kubeba hasi. Na ukiiingiza iambie programu hiyo ni data na sio picha, isiigeuze rangi, maana ikiigeuza namba zinapinda na mburuzo unakuwa mrefu au mfupi bila sababu.

Wa Blender kuna mtego mwingine, ukiwasha blaa ya mwendo ya Cycles (injini ya kurenda ya Blender) yenyewe, pasi ya vekta haipatikani. Chagua moja: blaa ichomwe kwenye renda, au itoke kavu na vekta zake uitie kwenye kompo.

Pia kumbuka vekta mara nyingi zinahesabiwa kwa pikseli. Ukirenda 4K afu ukaifinya picha iwe 1080 bila kuzigawa vekta kwa mbili, mburuzo utakuwa mara mbili ya unaotakiwa. Ukubwa wa ukungu wa lenzi nao ni hivyo hivyo, ulioupanga ukiwa kwenye proksi (nakala ndogo ya picha) ukaurudisha kwenye picha kamili, umepungua.

Pangaboi la chopa linajikunja na kusinyaa

Sasa hapa. Pasi ya vekta inajua mstari ulionyooka tu. Inasema pikseli hii ilikuwa hapa na inakwenda pale, basi, njia ya katikati haiijui. Kwa gari linalopita ni sawa. Kwa pangaboi ni msiba. Chukua chopa ndogo ambayo pangaboi lake linazunguka kama mara 400 kwa dakika. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu linakata digrii 96, zaidi ya robo ya duara. Ncha ilitakiwa ifuate ukingo wa duara, lakini vekta inakata njia ya mkato ndani kwa ndani, na ikifika katikati ya mkato huo iko kwenye theluthi mbili tu ya urefu wa pangaboi. Ndo maana linaonekana kama linaingia ndani na kutoka, kama mwavuli unaofungwa.

Usiongeze sampuli, hazisaidii, zinakuchorea kosa lile lile kwa ulaini zaidi. Renda pangaboi peke yake likiwa na blaa ya kweli ya 3D, na kwa kitu kinachozunguka kwa kasi ongeza hatua za mwendo ili injini ijue njia ni ya duara. Ni kitu kidogo kwenye fremu, hakichukui muda. Mwili wa chopa unaweza kubaki na vekta zake. Njia ya uvivu, na mimi nimeitumia kwenye shoti ya mbali, ni kuweka ukungu wa kuzunguka wenye kitovu pale kwenye mhimili, ila uilaze sawasawa na pembe ya kamera, sio duara kamili kama sahani imetazamwa kutoka juu.

Na kuna swali la ladha. Kwa shata ya 1/3200 pangaboi hilo linasogea chini ya digrii 1, kwa hiyo video ya kweli ya simu ya saa nane mchana ingelionyesha limesimama tuli ndani ya kila fremu. Ni kweli kabisa kisayansi na mteja atakwambia limekwama. Kwenye pleti ya namna hiyo huwezi kushinda, bora urudi na kile kioo cheusi.

Kitu kinateleza juu ya pleti ingawa trakingi ni nzuri

Ukisimamisha fremu kila kitu kiko mahali pake, ukiicheza kinaelea. Angalia shata inafunguka lini. Kwenye After Effects kuna fezi ya shata, kwa digrii 180 ile ya kawaida ni hasi 90, maana yake mburuzo unakaa nusu kabla ya fremu na nusu baada. Blender nayo ina chaguo la kuanzia, katikati, au kuishia kwenye fremu, na shata yake 0.5 ndo digrii 180. Kimoja kikiwa katikati na kingine kinaanzia kwenye fremu, mburuzo unahama robo fremu na jicho linaona. Linganisha hayo mawili, yaishe.

Mpaka mweusi kuzunguka kitu baada ya blaa

Alfa, ile chaneli ya uwazi. Faili lako rangi zake zilishazidishwa na alfa na wewe umeiambia programu hazijazidishwa, au kinyume chake. Kanuni ninayoishi nayo: rangi unazirekebisha zikiwa hazijazidishwa, blaa unaitia zikiwa zimezidishwa. Ukifanya blaa kwenye rangi ambazo hazijazidishwa, takataka iliyojificha nyuma ya alfa inavutwa inaingia kwenye ukingo.

Kama weusi uko kwenye kingo za fremu nzima na sio za kitu, hiyo ni blaa inavuta utupu wa nje. Washa kile kiboksi cha kurudia pikseli za pembeni, au renda 3D yako ikiwa pana kidogo kuliko fremu, afu ukate mwisho.

Nyuma kali, mbele kumelainika, nilitaka kinyume

Ramani ya kina, ile picha inayosema kila pikseli iko umbali gani, imegeuka. Programu nyingine zinaamini karibu ni nyeupe, nyingine karibu ni nyeusi, nyingine zinataka mita halisi. Igeuze tu. Ukiwa After Effects unatumia Camera Lens Blur na unaibadilisha ramani kwa efekti lakini hakuna kinachobadilika, angalia kile kichaguzi pembeni ya jina la leya, kiweke kisome leya pamoja na efekti zake.

Na ikiwa ramani yote imekuwa nyeusi tii baada ya kuisawazisha, ni anga. Blender inaipa anga umbali wa bilioni 10, sasa ukisawazisha kati ya mtumbwi wa mita 5 na bilioni 10, mtumbwi na milima ya Kongo ng'ambo vyote ni sifuri. Wewe weka kikomo mwenyewe, mfano 0 mpaka 300.

Ukiona ngazi ngazi kwenye ukungu, kama kontua za ramani, umehifadhi kina kwa biti 8 ambazo zina hatua 256 tu. EXR ya biti 32, basi.

Uzi mkali unazunguka kitu cha mbele

Mtumbwi uko kali, nyuma nimelainisha, na kuzunguka mtumbwi kuna uzi mwembamba wa nyuma ambao haujalainika. Kila mtu analikuta hili. Pikseli ya ukingoni nusu yake ni ya mtumbwi ulio mita 5 na nusu ni ya kilima kilicho mita 200. Ramani ya kina ikilainishwa kingo kama picha ya kawaida, pikseli hiyo inapewa wastani, mita 102.5, mahali ambapo hakuna kitu chochote, sio mtumbwi wala kilima. Kwa hiyo inapewa ukungu wa kitu ambacho hakipo.

Kwenye Cycles pasi ya Depth inachukua sampuli moja tu kwa hiyo haijalainishwa, lakini Mist imelainishwa, angalia unatumia ipi. Ukiwa na ya kwanza uzi unapungua ila ngazi ngazi za ukingo zinaanza kuonekana. Kuitanua ramani pikseli 1 au 2 kutoka kwa kitu cha mbele kwenda nje kunasaidia kwa shoti fupi. Dawa kamili ni kutenganisha: renda cha mbele peke yake na cha nyuma peke yake, kila kimoja na ramani yake, kila kimoja ukitie ukungu wake, afu uvipandanishe. Hasa hasa kama kilicholainika ni cha mbele, tuseme tawi la mwembe karibu na lenzi, maana tawi likilainika linakuwa kama pazia unaloona nyuma yake, na kama hukurenda nyuma yake programu haina cha kuonyesha, inabuni.

Bokehi (duara za taa zilizo nje ya fokasi) zimekufa, ni madoa ya kijivu

Shoti ya pili ya video ile ile ilikuwa usiku, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, mwezi hakuna, msanii kasimama mbele anaimba. Nikataka zile taa ziwe duara kubwa zinazong'aa. Nikatia ukungu, nikapata kama madoa ya maji ya sabuni.

Hesabu yake ni hii. Taa ni pikseli moja hivi. Ukiitandaza iwe duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 10, unaigawa kwa pikseli 314. Kamera imeikata taa kwenye nyeupe, yaani 1.0, kwa hiyo kila pikseli inapata 0.003, ambayo ni giza. Lakini taa ya kweli haikuwa 1.0, karibu na giza la ziwa ni kali mara nyingi sana zaidi. Ukiirudisha iwe 100, duara linapata 0.32, na hapo linawaka. Kwa hiyo hamisha mradi uwe biti 32 na mwanga wa mstari ulionyooka (linear), chagua zile taa tu, zipandishe mara 50, mara 100, mpaka jicho likubali, ndo utie ukungu. Usitumie Gaussian, hiyo inafifia kingo, lenzi inatoa duara lenye ukingo. Tundu la lenzi lenye bleidi 6 linatoa pembe sita, simu isiyo na bleidi inatoa duara, na lenzi nyingi pembeni mwa fremu duara linabonyea kama jicho la paka.

Na jiulize kama pleti inaruhusu. Simu ya kawaida kwa lenzi yake pana inaona kali kuanzia mita chache mpaka ng'ambo ya ziwa, sensa ni ndogo na lenzi ni fupi. Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8 kwenye kamera ya ful fremu, ukiifokasi mita 3, sehemu kali ni kama sentimita 40 tu. Chopa iliyo mita 30 kwenye pleti ya simu haitakiwi ukungu wa lenzi hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeipa.

Kitu kimelainika lakini kinaonekana kisafi mno

Ni chembe chembe. Greini ya kamera inatokea kwenye sensa, baada ya lenzi na baada ya shata, kwa hiyo haiwezi kulainika. Ukitia blaa juu ya picha yenye greini unaifuta, na pale panakuwa laini kama plastiki wakati pembeni pana chembe. Mpangilio wangu ni huu: ukungu wa kina kwanza wakati ramani bado inalingana na picha, afu blaa ya mwendo kwa vekta, afu mpindo wa lenzi, afu greini. Mpindo uje baada ya blaa kwa sababu vekta zilihesabiwa kwenye picha isiyopinda. Greini ilinganishe chaneli moja moja, kwenye simu yangu ya bluu ndo inachemka kuliko nyekundu na kijani, na usiku inachemka mara mbili ya hapo.

Ile ya asubuhi, ya kurudia, nilipiga saa kumi na mbili na nusu, jua bado liko chini ya vilima, shata nimeifunga 1/50 na kioo cha ND sikukihitaji. Kivuli cha chopa ilibidi nikifute kabisa na kukichora upya kwa sababu mwanga ulikuwa laini, na hapo ndo siku nzima ikaisha.